Fundi Maftaha na Ujira wa Maneno

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Aliye jikoni asogee. Aliye barazani aongeze sauti kidogo, majirani nao wasikie. Ni mimi Sebastiani, na huu ndio wakati wetu wa kuwakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki.

Leo namkumbuka Fundi Maftaha bin Ismaili, wa Kilwa Kivinje. Fundi Maftaha amefariki. Alikuwa fundi wa mashine, tena fundi kwelikweli. Kilichomwua ni kifua, na kifua hicho alikipata kwenye vumbi la mkonge. Nimetoka kwenye arobaini yake juzi, na niwaambie ukweli, nimerudi nimekasirika. Kawaida mimi huongea hapa taratibu, nikamsifu marehemu, tukamwombea, tukaagana. Leo mtanistahimili.

Kilichonikera ni neno moja. Pale arobaini, kila aliyejua kuwa natoka redioni alinijia na sifa hiyo hiyo. "Katangaze, bwana, alikuwa mtu mwema. Alitusaidia bure." Akiondoka huyu anakuja mwingine. "Hakuwa na tamaa yule. Ushauri wake alitupa bure." Bure, bure, bure! Wanasema huku wamefurahi, na pilau wanalo mdomoni. Jamani, hiyo bure ndiyo iliyomrudisha vumbini. Na vumbi ndilo lililomwua. Nitawaeleza ilivyokuwa, nanyi mtasema kama nimekosea kukasirika.

Maftaha alizaliwa Pande, huko huko Kilwa, kwa wakulima wa mtama na muhogo. Dada yake mkubwa ni Bi Esha. Yuko hai, na habari za utotoni nimezipata kwake. "Mdogo wangu alikuwa mjuaji tangu hajaota meno ya pili," aliniambia. "Ukimuuliza kitu, halali mpaka akupe jibu. Usipomuuliza ndiyo balaa zaidi, anakufuata nyuma na jibu lake." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Alipokua alikwenda kutafuta kazi upande wa Lindi. Akaandikwa katika shamba moja la mkonge, jina la shamba naliacha. Akawekwa korona, yaani pale kiwandani mkonge unapokamuliwa. Singasinga mmoja akamfundisha injini. Hapo ndipo mimi nilipomfahamu, maana baba yangu alikuwa mnyapara wa shamba lile, nami nilipata ukarani pale kabla sijaja huku Dar es Salaam.

Siku ya kwanza nilimwona amesimama mbele ya injini kubwa, mikono kaiweka nyuma, macho kafumba, na kavaa kanzu nyeupe. Kanzu nyeupe kwenye nyumba ya grisi! Nikamuuliza baba, huyu sheikh amekuja kuisomea mashine? Baba akanikata jicho. "Huyo ndiye fundi. Nyamaza, anasikiliza." Mara Maftaha akafumbua macho, akasema, "Bomba la mafuta linavuta hewa, pale kwenye kiungo cha chini." Wakakaza kiungo cha chini, injini ikatulia. Kanzu yake haikupata hata doa. Na maringo alikuwa nayo, hilo lazima niliseme. Alitoka pale amejinyoosha kama bwana harusi, mafundi wenzake wanamwangalia kwa kijicho.

Lakini nyumba ile ya injini ilipakana na chumba cha brashi, mahali katani iliyokauka inaposuguliwa. Vumbi lake ni jepesi, linaelea, linaingia puani na kooni kutwa nzima. Maftaha akaanza kukohoa. Ikawa anapomaliza kusema neno moja, anakohoa, ndipo anasema la pili. Dresa wa shamba, yule aliyekuwa akitutibu, akamwambia bila kuzunguka, "Fundi, ondoka humu. Ukikaa mbali na vumbi utaishi. Ukirudi vumbini utakufa." Wasikilizaji wapendwa, shikeni hapo. Mbali na vumbi ataishi. Akirudi vumbini atakufa. Habari yote ya leo imesimama hapo.

Maftaha akaacha kazi, akarudi Kivinje kwa mkewe, Bi Kidawa. Jembe hakuliweza tena, kifua kilimkatalia. Lakini alikuwa na matumaini makubwa. Siku hizo mashine zilianza kuenea Kilwa. Huku mashine ya kusaga, kule cherehani, huyu kanunua taa ya karabai, yule kanunua redio. Vyote hivyo vinaharibika. Maftaha akamwambia mkewe, "Mwenyezi Mungu kaniondolea nguvu ya mikono, kaniachia masikio na ulimi. Vitanitosha kula." Bi Kidawa akaamini. Nani asingeamini?

Wateja wakaja, wengi tu. Sasa mnisikilize wateja wenyewe walivyokuwa.

Nangurukuru, pale njia panda, palikuwa na mtu mmoja anaitwa Dadi. Dadi alikuwa na mashine ya kusaga, ya injini ya dizeli, na mpaka leo anayo. Siku moja injini ikawa inakohoa na kuzimika. Dadi akamfuata Maftaha Kivinje, akamchukua mpaka Nangurukuru. Maftaha akasimama mbele ya injini, mikono nyuma. Akasikiliza. Akazunguka nyuma ya kibanda, akaliona pipa la mafuta limesimamishwa nje, mvua inalinyeshea.

"Dadi, injini yako inakunywa maji," akasema. "Maji ya mvua yanakaa juu ya pipa, yanapenya kwenye kizibo. Mwaga mafuta yaliyomo kwenye tangi. Pipa lilaze ndani ya kibanda. Na usichote ya chini kabisa."

Dadi akafanya. Injini ikawaka, ikasaga mpaka magharibi, akinamama wakaondoka na unga wao. Maftaha akabaki amekaa kwenye kigogo, anasubiri. Mwisho akaona aibu ya kusubiri, akasema, "Haya Dadi, mie naondoka. Nipe changu."

"Chako kipi, Fundi?"

"Ujira wangu."

Dadi akamtazama kuanzia ndala mpaka kofia. "Ujira wa nini? Tangi nimelimwaga mwenyewe. Pipa nimelilaza mwenyewe. Wewe hukushika hata msumari. Unataka nikulipe mate?"

Loo! Watu waliokuwepo wakacheka. Maftaha akarudi Kivinje kwa miguu, mbali kote huko, na kile kifua chake. Mkewe alimsikia anakohoa tangu hajaingia uani.

Na msidhani ni Dadi peke yake. Ingekuwa Dadi peke yake nisingepoteza wakati wenu. Mji mzima ulikuwa hivyo. Mtu anamsimamisha Maftaha njiani anakwenda msikitini: "Fundi, nakuuliza tu." Hiyo "nakuuliza tu" niliisikia kwa masikio yangu nilipokwenda likizo. Anaulizwa tu mlangoni, anaulizwa tu sokoni, anaulizwa tu kwenye maziko ya mtu! Naye, kwa ule ujuaji wake aliozaliwa nao, hawezi kunyamaza na jibu analo. Anajibu. Mtu anakwenda kufanya, kitu kinapona, na kesho yake wanapishana njiani anampungia mkono.

Bi Kidawa ni mwanamke mwenye akili. Akamwambia, "Bwana wangu, hawa watu wanalipa jasho. Basi waonyeshe jasho. Shika spana. Fungua kitu, funga kitu. Jipake grisi kidogo."

Maftaha akajaribu. Ile kanzu akaivua, akavaa kaptula kuukuu. Akiitwa kwenye cherehani iliyotiwa sindano kinyume, badala ya kusema, "Geuza sindano," anaifungua cherehani nzima, anaimwaga juu ya mkeka, anaihangaikia toka asubuhi mpaka adhuhuri, kisha anaifunga na kugeuza sindano. Wakamlipa! Tena kwa furaha. "Leo Fundi umefanya kazi, pole sana." Wakampa na chai.

Lakini hakuvumilia. Bi Kidawa ananiambia alirudi nyumbani siku moja amenuna. Kisha akasema, "Kidawa, nafungua mashine nzima za watu, naziingizia mchanga, ili wanione nimetoka jasho. Mashine ilikuwa na ugonjwa mmoja, mimi naiongezea wa pili. Huu ni wizi. Siufanyi tena." Akarudia kanzu yake.

Hapo ndipo alipopata wazo lake, na naomba mnisikilize vizuri, maana wazo hilo ndilo lililomwangamiza.

Kwetu Kusini, ukienda kwa mganga, husemi kitu na husemewi kitu mpaka umetoa fungua mkoba. Unaweka chochote ulichonacho, ndipo mganga anafungua mkoba wake na kusema. Waislamu tunawajua wanakwenda, na sisi Wakristo tunakwenda pia, msinitazame hivyo. Na mganga yule hashiki spana. Anasema tu! Anasema, mtu anaitikia, analipa, anaondoka ameridhika. Maftaha akaliona hilo. Akachukua mfuko wake wa spana, akautundika barazani kwake. Kila anayekuja kuuliza anamwambia, "Mganga unamtolea fungua mkoba. Mimi nami mkoba wangu huo hapo. Weka chochote, uulize utakavyo."

Chochote, alisema. Hakutaja bei. Mama mmoja kutoka milima ya Umatumbi, Brigita, aliweka kikapu kidogo cha mahindi mabichi. Nilimkuta arobaini, katembea kwa siku nzima kuja. Akaniambia, "Aliniambia uzi wangu ni mnene mno kwa tundu la sindano, ndiyo maana cherehani inaruka. Nimeshona nguo za Komunyo za watoto wa parokia nzima kwa neno lile. Yale mahindi yalikuwa kidogo mno, baba."

Dada yake, Bi Esha, alikataa jambo hili la mkoba tangu mwanzo. Waligombana. Bi Esha alimwambia, "Elimu ni amana. Umepewa na Mola, nawe uwape waja wake." Maftaha akamjibu, "Dada, sawa, ni amana. Basi hao waja waje wanikoholee na kikohozi changu." Wakakaa hawasemeshani mpaka mwezi wa Ramadhani ukawapatanisha.

Kwa muda mambo yakaenda vizuri. Mkobani mkaingia mayai, muhogo, kipande cha sabuni, senti. Kikohozi kikapungua. Bi Kidawa anasema alinenepa kidogo, akaanza tena kuringa akipita sokoni. Alikuwa mbali na vumbi, naye alikuwa anaishi.

Kumbe watu wameelewa vingine! Wamesikia mkoba, wamesikia fungua mkoba, wamemwona mtu anafumba macho mbele ya mashine na kuitajia ugonjwa wake bila kuigusa. Wakajumlisha wenyewe. Akaja mwanamke anataka mumewe aliyekwenda Songo Songo arudi. Maftaha akamwambia, "Mama, mimi natibu injini." Yule mama akamkonyeza, akasema, "Naelewa, Fundi, siri yako ninayo." Akaja mtu na kuku mweusi, anataka cherehani ya jirani yake isishone tena. Maftaha akamfukuza na kuku wake. Yule bwana akaenda kutangaza mjini kwamba Fundi anataka mbuzi.

Maftaha aliyacheka hayo. Mkewe hakuyacheka.

Sasa, Dadi. Dadi wa Nangurukuru, aliyekataa kulipa mate. Injini yake ikaharibika tena. Ikiwa tupu inazunguka vizuri. Akitia mahindi, inatoa moshi mweusi na kuzimika. Kumwendea Maftaha kulimshinda, maana safari hii angeulizwa fungua mkoba. Kukaa na mashine mbovu nako kulimshinda. Basi mnajua alifanya nini? Alikwenda kwenye baraza la wazee Kivinje, akamshitaki Maftaha kwa uchawi. Kwamba Maftaha ameifunga mashine yake, kwa kinyongo cha ujira ule aliomnyima.

Msicheke. Siku hizo, na hata sasa, mtu akithibitishwa mchawi habari zinaweza kufika kwa Bwana Disii, mkubwa wa wilaya, na mchawi huyo akahamishiwa wilaya nyingine. Maftaha angeondolewa Kilwa, aache nyumba na mke, kwa sababu anajua dizeli.

Mzee mmoja aliyekuwa akiliongoza baraza, jina lake nalisitiri, akamwuliza, "Maftaha, umeifunga mashine ya Dadi?"

"Hapana, mzee wangu. Mashine haifungwi kwa maneno. Tangu ile siku ya pipa sijaiona tena."

"Kama hukuifunga, hebu tuambie ina nini."

Wasikilizaji wapendwa, mnauona mtego ule? Akinyamaza, ni mchawi, kakataa kuifungua. Akisema, ametoa ushauri bure, mbele ya mji mzima, kwa mtu yule yule aliyemdhulumu. Na hata akisema bado hajanusurika, kama mtakavyosikia. Bi Kidawa alikuwa amesimama na wanawake wenzake pembeni. Anasema alimwomba Mungu kimoyomoyo mumewe anyamaze. "Nilimjua. Nilimwona midomo inamcheza. Jibu alikuwa nalo."

Alikuwa nalo. Akamgeukia Dadi, akamwuliza, "Moshi mweusi?" Dadi akasema ndiyo. "Ikiwa tupu haizimiki?" Ndiyo. Maftaha akasema, "Ubavuni mwa injini yako kuna kikopo kina matundu. Hapo ndipo inapovutia pumzi. Kimeziba kwa unga, maana unasaga bila kufagia. Kitoe, kikung'ute, kioshe kwa mafuta, kirudishe. Injini yako inakosa hewa, hakuna kingine."

Wakatumwa watu Nangurukuru siku ile ile. Kikopo kikatolewa, kimejaa unga mgumu kama ugali wa jana. Kikaoshwa. Mashine ikasaga.

Nanyi mnadhani walirudi wakamwomba radhi? Thubutu! Walirudi wanapiga kelele tangu mbali, "Kaifungua! Kaifungua! Kasema maneno yake barazani, mashine imefunguka huko Nangurukuru!" Dadi mwenyewe ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Basi wazee wakashauriana, wakatoa neno lao. Wakasema mashine imepona, uchawi hawana ushahidi nao, kesi iishe. Lakini habari ya mkoba ikome. Fundi asitoze tena mtu kwa kusema. Akitaka kulipwa, afanye kazi.

Afanye kazi! Hapa studio, mbele ya kipaza sauti hiki, nawaulizeni. Mimi sasa hivi nafanya nini? Nasema. Mwisho wa mwezi nalipwa kwa kusema, wala sijashika spana. Wakili anasema, analipwa. Mwalimu anasema, analipwa. Wazee wale wa baraza wenyewe walikuwa na posho yao ya kukaa na kusema! Fundi peke yake ndiye asiyefanya kazi akisema. Hasira zangu ziko hapo, na sijui nizipeleke wapi.

Mkoba ukateremshwa. Maswali hayakuteremshwa. Yaliongezeka, maana sasa watu walikuwa na hukumu mkononi. "Fundi, nakuuliza tu, na wazee wamesema ni bure." Akawajibu. Nyumbani kwa Bi Kidawa pakawa hapana unga. Maftaha akafunga nguo zake katika shuka, akapanda lori kurudi Lindi, korona, pembeni ya chumba cha brashi. Alirudi vumbini. Bi Kidawa alimshika mkono pale kwenye lori, akamwambia, "Bora tulale njaa." Akamjibu, "Mimi sijui kukuona umelala njaa."

Haikuchukua muda mrefu. Walimrudisha Kivinje amelazwa nyuma ya lori, anapumua kwa mabega.

Siku yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa, baada ya alasiri. Bi Kidawa alikuwa jikoni anapoza uji. Bi Esha amekaa kitandani, ameshika mkono wa mdogo wake, anamsomea. Mara hodi. Nani? Dadi. Dadi wa Nangurukuru kaja kumjulia hali mgonjwa. Bi Esha akamkaribisha, mtu akija kumjulia hali mgonjwa utamfukuzaje? Dadi akakaa. Akasema, pole Fundi. Kisha akasema, "Fundi, nakuuliza tu. Injini inagonga."

Bi Esha anasema alitamani ardhi ipasuke. Lakini Maftaha alifumbua macho. Akavuta pumzi, ikagoma, akavuta tena. "Inagonga ikiwa baridi," akauliza, "au ikipata moto?"

"Ikipata moto."

"Basi ni beringi. Izime." Akapumzika. "Usiiwashe... mpaka uifungue."

Dadi akasema, "Ahsante, Fundi, Mungu akuponye." Akatoka mbio kwenda kuizima injini yake. Hata baiskeli yake hajaipanda, pumzi ya Maftaha ikakatika. Bi Esha alikuwa amemwinamia sikioni, anamtamkia shahada ili aifuatishe. Hakuifuatisha. Hakubakiwa na pumzi ya kuifuatisha. "Nilimtamkia mimi," Bi Esha aliniambia. "Pumzi yake aliimalizia kwenye beringi."

Injini ya Dadi ilipona. Inasaga mpaka leo.

Nilimuuliza Bi Esha, je, bado unasema elimu ni amana? Akanijibu kwa ukali, "Bado nasema. Lakini nilimwambia yeye asiwanyime. Hakuna mahali niliposema wao wamnyime."

Na sasa nifike kwenye arobaini, niliyoiona mwenyewe. Watu walijaa. Mchele ulikuja, sukari ikaja, nazi zikaja, mpaka ukumbi haupitiki. Walioshindwa kumletea yai akiwa hai wamemletea magunia akiwa kaburini. Dadi naye akaja, amebeba gunia zima la mchele begani, anatoka jasho. Akalitua mbele ya Bi Kidawa.

"Shemeji, pokea."

Bi Kidawa alikuwa amekaa kwenye mkeka, bado yuko eda, na shuka lake jeupe. Hakunyoosha mkono. Akamwuliza, "Dadi, hii ni rambirambi au ni ujira?"

Dadi akasema, "Ni rambirambi, shemeji."

"Rambirambi nimepata za kutosha. Kama ni ujira, sema ni ujira, nitapokea. Sema ni wa kazi aliyokufanyia Maftaha."

Mnaelewa alichokuwa akiulizwa, wasikilizaji wapendwa? Akisema ujira, basi Maftaha alifanya kazi. Kama alifanya kazi, basi hakuwa mchawi, na Dadi alimzulia mbele ya mji. Watu wote pale walielewa. Dadi alisimama, akamtazama yule mama, akatutazama sisi. Kisha akainama, akalishika gunia lake, akalipandisha begani, akaondoka nalo. Gunia zima! Alikubali kulibeba tena mpaka Nangurukuru kuliko kuliita ujira.

Bi Kidawa, pole sana mama. Bi Esha, pole, shikamoo tena. Nanyi ndugu wote wa marehemu Maftaha bin Ismaili, wa Pande na wa Kivinje, mpokee pole zetu sisi wote wa hapa studio. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, mahali pasipo na vumbi.

Na ninyi wengine mnaonisikiliza, kila mmoja ana mtu wake aliyemuuliza tu. Mtafakari leo, kabla hamjalala, kama yuko hai bado. Akiwa hai, mlango wake mnaujua.

Nawe Dadi, redio unayo, najua, na najua ni nani aliyekuelekeza waya wake uufunge juu ya mwembe gani ndipo unasikia. Basi unanisikia. Beba lile gunia, urudi Kivinje. Bi Kidawa yupo, hajaenda popote. Mwambie ni ujira. Ni neno tu, Dadi, na kwa neno hakuna anayekutoza.